Cherehani iliyolala stoo: namna ya kuitafuta, kuikagua na kupatana bei bila kupigwa

Cherehani mbovu ya kwanza niliinunua bila kupanga. Ilikuwa Tanga, Ngamiani, nimeenda kumsalimia mama mdogo, nakuta uani kuna kijana wa vyuma chakavu ameshatundika mizani kwenye mwembe, na pembeni ya ndoo iliyotoboka na rimu ya baiskeli imekaa Singer ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu bado yanaonekana kwa mbaaali. Nikauliza, na hii nayo inaenda? Mama mdogo akanijibu hiyo ilishakufa siku nyingi mwanangu, gurudumu linazunguka lakini sindano haishuki, fundi aliifungua akashindwa, inanijazia nafasi tu. Kijana wa watu keshapiga mahesabu ya kilo. Nikamwambia kaka samahani, hela ya kilo zako nitakupa mimi na ya soda juu, hiyo iache hapo hapo.

Jioni nikaifungua. Kwenye gurudumu la mkono, pale katikati, kuna kinobu unachokilegeza ukitaka kujaza uzi kwenye bobini bila sindano kucheza. Ndani yake kuna wosha ina masikio matatu nje na vimeno viwili ndani, na vile vimeno vinatakiwa vitazame nje, ukiirudisha kinyume haikabi, gurudumu linazunguka bure kama feni ya uchochoroni. Yule fundi aliirudisha kinyume. Basi, hakuna kingine. Miaka kumi na moja cherehani imekaa stoo kwa sababu ya wosha ndogo kama sarafu. Nikaigeuza, nikakaza kinobu, nikazungusha, sindano ikashuka. Mama mdogo akaitazama weee, akaniambia: "Haya, sasa na wewe utaniuzia shilingi ngapi?"

Tangu siku hiyo nimezoa kama thelathini hivi, nyingine nimeuza, nyingine nimegawa, nne ziko chumbani mke wangu anazitukana kila akifagia. Hapa nawaandikia wanaotaka kuanza, maana watu wengi inbox wanauliza kutengeneza kabla hawajajua kununua, na kwenye biashara hii hasara haiingii kwenye kutengeneza, inaingia siku unayotoa hela. Unachotakiwa kujua ni kutofautisha ubovu wa kweli na ubovu wa maneno. Kutu, vumbi, utando wa buibui, mafuta yaliyoganda, meza iliyobanduka, vyote hivyo vinashusha bei na karibu vyote vinatoka kwa mikono yako. Kifaa kilichopungua ndio ugonjwa. Mimi nikiona kutu nafurahi kimoyomoyo, nikiona tundu mahali palipotakiwa kuwa na kitu naanza kutafuta mlango.

Sasa utafute ipi. Kama ndio unaanza tafuta Singer ya aina ya 15K. Hiyo K ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank kule Scotland, kilifunguliwa miaka ya 1880 kikafungwa 1980, na hadi leo stesheni ya treni ya pale inaitwa Singer. Siipendi 15K kwa ajili ya historia lakini, naipendea tumbo lake: Wachina walipotengeneza Butterfly, ile tunayoiona kila baraza la fundi kuanzia Kigoma mpaka Lamu, walifuata muundo huo huo wa 15, kwa hiyo bobini, keisi (kikombe cha kubebea bobini), shato (chuma kinachopitisha uzi wa chini), springi za tensheni, yaani za kukaza uzi, na vikorokoro vingi vinavyouzwa Kariakoo kwa ajili ya Butterfly vinaingia na kwa bibi yake wa Scotland. Utaijua kwa bobini inayoingia kwa ubavuni, upande wa kushoto chini ya sindano, ikiwa ndani ya keisi yake. Ukipata 15K imepungua keisi usilie, hiyo ni hela ndogo.

66K na mdogo wake 99K (ile fupi ya mkono yenye sanduku la mbao kama kuba) bobini yake unaidondosha kutoka juu, unatelezesha kibati cha chuma na kuiweka. Kile kibati ndicho kinachopotea, watoto wanachukua kuchezea, na bobini zake sio zile za Butterfly, ukimsikia muuzaji anakwambia bobini ni bobini tu ujue hajawahi kushona. 201K nayo inatumia bobini hizo hizo za 66K, inaendeshwa kwa gia ndani, haina kelele kabisa, kwangu mimi ndio cherehani bora ya nyumbani aliyowahi kutengeneza binadamu na atakayebisha abishe, ila huku kwetu nimekutana nazo mbili tu.

Halafu kuna 27K, 28K, 127K na 128K. Nzuri sana kwa macho, maua mengi, ndio hasa wanazopiga picha watu wa harusi. Shato lake ni refu kama risasi na bobini yake ni nyembamba kama kijiti cha pipi. Shato likiwepo, nunua. Shato likikosekana, wewe unanunua pambo la sebuleni, na pambo lina bei yake, usilipe bei ya mashine.

Ile ya fundi viatu yenye mkono mrefu mwembamba na futi (kile chuma kinachokandamiza kitambaa) inayogeuka kila upande ni 29K. Hiyo usihangaike kuizungukia, kila siku inamwingizia mwenyewe hela, fundi viatu hauzi mpaka astaafu au macho yagome, na akiuza anamuuzia fundi mwenzake. Pfaff, Necchi, Usha, zote mashine nzuri, ila chukua ikiwa kamili tu.

Umri wake utausoma mwenyewe. Upande wa kulia kwenye kitako, chini ya shingo, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Ikiwa tarakimu tupu bila herufi ni ya kabla ya mwaka 1900 hivi. Zinazoanza na EF na EG ni za Clydebank karibu na 1950. Na hapa nikupe kichekesho, kuna mashine zina beji ya shaba yenye ukingo wa bluu, imeandikwa 1851 na 1951, hiyo ilikuwa ni sherehe ya kampuni kutimiza miaka mia. Muuzaji mmoja Buguruni alinishikia kiuno: "Soma mwenyewe bro, elfu moja mia nane hamsini na moja, hii imetangulia hata Wajerumani kuja!" Sikubishana naye, ya nini, nikamwonesha ule mwaka wa pili, akaufunika na kidole akaendelea kutaja bei.

Ukiwa hapo hapo kwenye beji, ipapase. Ya kweli ni shaba iliyofinyangwa, imegongwa kwa vipini viwili vidogo. Vipo vichwa vya Kichina vimebandikwa jina la Singer kwa stika, kama stika ya bajaji, sio kwamba ni vibaya kushonea, ila usivinunue kwa bei ya ukoo usio wake.

Kuhusu pa kuzipata. Watu wanafikiri ni kuzunguka minadani. Mimi mnada nimeuacha, vitu vikifika mnadani vimeshapita mikono mitatu na kila mkono umeng'oa kitu. Nenda kwenye nyumba. Nyumba za zamani za familia, Ngamiani, Magomeni, Bagamoyo, Mji Mkongwe Unguja, Mji wa Kale Mombasa, zile zenye chumba cha nyuma ambacho hakuna anayejua kina nini mpaka msiba utokee. Cherehani ilikuwa zawadi ya harusi, ilikuwa mtaji wa mjane, haitupwi hovyo, inafunikwa na kitambaa cha kufuma na kuwekewa redio juu, baadaye redio inahamia sebuleni, cherehani inahamia stoo.

Utaingiaje kwenye nyumba za watu? Kupitia mafundi wa barazani. Peleka kanga zako zikapindwe, kaa kwenye benchi usubiri, usiondoke, piga stori. Fundi aliyekaa baraza moja miaka ishirini anajua cherehani zote za mtaa, anajua ya mama fulani ilisimama lini na kwa nini, maana yeye ndiye aliyeitwa kuiangalia. Mwambie unatafuta mbovu, hata ikiwa imeganda kabisa, mwachie namba, na ikipatikana mpe chake, usijifanye umesahau. Hao mafundi wawili watatu wanashinda madalali kumi.

Njia ya pili nimeigundua kwa bahati na nawapa bure. Siku hizi hoteli na migahawa wanapenda meza zenye miguu ya chuma ya Singer, ile yenye kikanyagio. Mafundi wa kuchomelea na maseremala wananunua cherehani nzima, wanachukua miguu, kichwa wanakitupa chini ya benchi! Nenda kwa wanaotengeneza hizo meza uulize vichwa. Nilikuta vitatu siku moja vimelazwa kwenye mavumbi ya mbao, seremala ananiuliza unavitaka vya nini.

Wa vyuma chakavu wale wanaopita na spika, ongea nao mapema, kabla kitu hakijafika yadi, kwa sababu yadi wakiona chuma cha kumimina wanakipiga nyundo kiingie vizuri kwenye gari. Mwambie kijana nitakuongeza juu ya bei ya kilo, nipigie tu kabla hujapeleka. Ila muulize imetoka wapi, na akijiumauma achana nayo, cherehani ya wizi inajulikana mtaa mzima. Vilevile vyuo vya ufundi na shule, zipo nyingi zimerundikwa, lakini mali ya umma ina utaratibu wake wa kuuzwa, kama mtu anakuambia njoo saa mbili usiku uchukue kwa geti la nyuma, usiende.

Za mitandaoni sina mengi. Picha ikipigwa kwa mbele tu omba ya chini na ya ubavuni kushoto, na video anazungusha gurudumu. Asipotuma amejibu.

Siku ya kwenda kuikagua beba bisibisi mbili, kubwa na ndogo, sindano mpya, bobini ya aina hiyo, nyuzi za rangi mbili tofauti, kipande cha jinsi na kipande cha pamba, kichupa cha oili ya cherehani na kitambaa. Simu ina tochi. Nenda mchana na nenda umekula, ukiwa na njaa unakuwa na haraka.

Cha kwanza kabisa angalia nyufa. Cherehani nyingi za zamani ni chuma cha kumimina, ikidondoka haipindi, inapasuka, na kuichomelea ni kazi ya mtu mwenye uzoefu hasa. Pitisha kidole kwenye shingo, kwenye kitako, kwenye masikio ya bawaba pale nyuma. Gonga polepole na mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia kama kengele, kilichopasuka kinajibu kwa sauti ya chungu. Ina ufa kwenye mwili? Shukuru, aga, nenda.

Cha pili zungusha gurudumu, lije upande wako, kamwe usilirudishe nyuma kama kuna uzi. Likigoma kabisa usilazimishe na wala usisikitike, mara nyingi sio kutu, ni mafuta. Watu wametia mafuta ya kupikia, ya nazi, hata samli nimeikuta, yanaganda yanakuwa kama gundi. Kinachonitisha mimi ni gurudumu linalozunguka kirahisi mno huku sindano imesimama, isipokuwa kama ni ile wosha ya mama mdogo, kwa hiyo fungua kinobu uhakikishe. Likizunguka, shika kile chuma kinachobeba sindano ukitikise mbele nyuma. Mchezo kidogo sawa. Ukisikia kwa kwa kwa, imeliwa.

Inamishe kichwa nyuma (shika vizuri, uzito wake ni kama wa ndoo ndogo iliyojaa maji) utazame tumboni. Unataka kuona vyuma vyote vipo na skrubu zote zina vichwa vizima. Skrubu iliyotafunwa na bisibisi inakuhadithia kwamba kuna mtu alikuja hapa kwa hasira. Meno yanayosukuma kitambaa yaguse kwa kidole yawe makali. Halafu funga uzi, rangi moja juu nyingine chini, shona pamba kisha shona jinsi mikunjo minne, uzi wa chini ukijitokeza juu ni tensheni tu, sio dosari ya kuikimbia.

Kama ina mota usichomeke. Nyaya za zamani mpira wake unabomoka ukiugusa, na zilizokuja na mitumba kutoka Marekani ni za volti 110, ukiipa 230 ya kwetu utanuka moshi mbele ya muuzaji na hapo umeshainunua. Zungusha kwa mkono.

Na meza yake, bonyeza mbao kwa kucha upande wa chini. Mchwa hawali upande unaoonekana.

Haya, bei. Kabla hujatoka nyumbani uwe na bei yako ya juu, imeandikwa, na unaipata kinyumenyume: ikiwa nzima mtaani kwangu nitaiuza ngapi, toa vipuri, toa nauli ya kwenda na kurudi na ya mzigo, toa siku zako, toa na fungu la yale usiyoyaona leo, maana yapo. Kinachobaki ndio dari yako. Na dari ya kila dari ni Butterfly mpya dukani, anayetaka kushona tu hatakulipa zaidi ya hiyo hata umwimbie historia ya Scotland. Sakafu nayo ipo, ni bei ya kilo, ukitaja chini ya hapo unamtukana, mtu wa mizani anapita kesho.

Nikupe iliyonitokea Magomeni, maana ina karibu kila kitu. Mzee mstaafu, 15K ya kukanyaga, ya marehemu mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Wewe ndio wa cherehani?"

"Ndio mzee wangu. Nimeambiwa na fundi wa pale kona."

Sikuuliza bei. Niliuliza ilinunuliwa wapi, nani alikuwa anashona, ilisimama lini. Ananiambia sare za shule za watoto wote sita zilitoka hapo. Unasikiliza kwa adabu, na pia unapata taarifa, kwa mfano aliponiambia "ilisimama tulipohamia hapa, wapakiaji waliilaza", nikajua nikaangalie wapi. Na katika nyumba kama hii usiiponde mashine, usiseme hili ni bovu tu mzee, hili ni chuma chakavu, kwa sababu haongelei mashine, anaongelea mke wake. Pungufu utazionesha, matusi hapana.

"Sasa mzee, unanipa kwa ngapi?"

"Laki tatu."

"Maongezi yapo?"

"Maongezi yapo, sema yako."

Hapa ndipo vijana wanapoharibu, wanataja namba wakiwa wamesimama mikono mfukoni. Mimi nilitandika gazeti, nikamwomba ruhusa, nikafungua mbele yake. Mzee, hapa panakaa keisi, haipo. Hapa mkanda wa ngozi umekatika. Hii ya kujazia uzi imevunjika, nadhani ni siku ile waliyoilaza. Nikamtajia kila kimoja Kariakoo ni kama shilingi ngapi, bei za kweli, kwa sababu mwanawe alikuwa kasimama mlangoni na simu mkononi. Nikamwambia, "Mimi nina laki na ishirini, na ntaitengeneza ishone tena."

"Laki na ishirini ni ya kichwa au ya mguu?" Tukacheka. Akashuka laki mbili na nusu. Nikapanda laki na arobaini. Akasema laki mbili, mwisho. Nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuongea, unatazama mashine, unafuta mikono, usijaze ule ukimya kwa kujipandishia bei mwenyewe. Ndio akauliza: "Unasema itashona?" Nikasema ikishona nitakutumia video mzee. "Basi toa na sitini uondoke nayo, na ile video usisahau."

Laki na sitini, dari yangu ilikuwa laki na sabini na tano. Kabla sijatoa hela nikauliza swali ambalo uliulize kila mara: mzee, vikorokoro vyake vilikuwa vinawekwa wapi? Droo zilikuwa tupu. Mkwewe akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa la zamani, ndani vifungo, chaki, futi mbili, bobini saba, na keisi. Keisi ileile niliyokuwa nimeipigia mahesabu. Nikamwongeza elfu kumi. Ungekaa kimya wewe? Labda. Ila mzee huyo huyo ndiye aliyenielekeza kwa jirani yake mwenye 201K, moja ya zile mbili.

Yadi ni lugha nyingine, pale ni "boss", "kiongozi", "nitoe na ngapi", "usinikazie hivyo", na kuondoka mara mbili ni kawaida kabisa. Ukiona kaitenga pembeni badala ya kuirusha kwenye lundo ujue kashaambiwa ni "antiki", bei imepanda kabla hujafika. Ukiona imefunikwa na mabati, ni bei ya kilo na kidogo. Usioneshe kidole unachokitaka, ulizia miguu, ulizia rimu, halafu na hiki kichwa je?

Kishika uchumba usitoe bila kuondoka na kitu. Kama huna hela yote leo chukua kichwa acha miguu, au andikishaneni mbele ya mjumbe. Mimi niliwahi kuacha elfu hamsini kwa mtu, kurudi wiki inayofuata mashine imeuzwa na simu haipokelewi.

Januari utaletewa nyingi, ni ada. Mtu ana mtoto kapangiwa shule na ana siku tatu. Sijawahi kujisikia vizuri kukaza bei mwezi huo, wengine watasema biashara ni biashara, sawa, mimi Januari nasema bei yangu ya pili moja kwa moja.

Sasa kuna ugonjwa mmoja utakutana nao tu: zebaki nyekundu. Utafika mahali, mashine ya kawaida kabisa, mtu anakutajia milioni arobaini bila kupepesa. Huyo hajachanganyikiwa, kasikia stori. Mwaka 2009 Saudi Arabia ulienea uvumi kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu kwenye sindano, dawa ya kutafutia hazina na kuita majini, na watu wakafika hadi riyali 200,000 kwa mashine moja. Eti unapima kwa kuisogezea simu, mtandao ukikatika ndio yenyewe. Uongo mtupu, ndani ya cherehani kuna chuma, mafuta na vumbi la pamba. Lakini uvumi ulisafiri, ukavuka na jahazi la WhatsApp, na bado unaishi. Usimwite mjinga. Mwambie mzee mimi nanunua za kushonea, mwenye hiyo bei akija mpe, akichelewa namba yangu hii hapa. Nimepigiwa baada ya miezi minane. Na wewe ukianza kuuza, yule atakayekuuliza "yako inakata mtandao?" mkatie simu.

Mkishapatana, andikishaneni hata kwenye karatasi ya daftari: namba ile iliyogongwa kwenye chuma, bei, majina, tarehe, saini. Lipa kwa simu mbele yake asubiri meseji iingie.

Kubeba. Kichwa kitoe kwenye meza, nyuma kwenye bawaba kuna skrubu mbili kwa chini, zilegeze tu, kinanyanyuka. Futi iteremke na kipande cha kitambaa chini yake, sindano itoe. Kifunge na blanketi, kilale kwa mgongo na kisiegemee gurudumu. Bodaboda hapana, niliwahi, tuta moja pale Mabibo lilivunja kile cha kujazia uzi ambacho muuzaji alikitunza miaka arobaini. Miguu panda nayo guta au bajaji. Kwenye basi patana na konda kabla buti haijafungwa, akishaufunga bei ni yake.

Ukifika nayo nyumbani usikimbilie kuipendezesha. Petroli, thina na spiriti visiguse maua ya dhahabu, spiriti inayeyusha ile vanishi ya juu na dhahabu inageuka fedha mbele ya macho yako, nje futa kwa oili ya cherehani na kitambaa laini tu. Mafuta ya taa ni ya vyuma vya ndani. Iliyoganda itie tone kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, iache ilale. Asubuhi sukuma gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma. Likisogea hata upana wa kucha, ongeza tone jingine, kanywe chai kwanza.